Vitambaa Sita vya Leso

Walimu wenzangu, mama zangu mliotoka majumbani kuja kutusikiliza, na nyinyi wanangu mnaosomea ushonaji, asanteni kwa kunikaribisha. Mliniambia nichague neno moja la nguo nilizungumzie, lolote nipendalo. Sikuhitaji kufikiri sana. Nimechagua leso.

Tazameni mikono yangu. Wa kushoto umeshika kitambaa cha mraba, cha kufutia jasho, kile kinachokunjwa kikaingia mfukoni. Wa kulia umeshika nguo ya kujifunga, yenye pindo pande zote nne na maandishi upande wa chini. Niambieni, leso ni ipi?

Naam. Hapa Mombasa nyote mmenyoosha vidole kulia, wala hamkusitasita. Ningeuliza swali hilihili Dar es Salaam au Dodoma, vidole vingeelekea kushoto, na kuhusu hii ya kulia wangenijibu, "Hiyo ni kanga, mwalimu."

Mimi nilijifunza tofauti hiyo nikiwa mwalimu kijana, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Dar es Salaam. Jirani yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwetu mtu haendi kumtazama mzazi mikono mitupu. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, basi nikampa pesa binti wa mwenye nyumba, nikamwambia, "Dada, ukipita sokoni ninunulie leso mbili nzuri, za zawadi." Akarudi na kifurushi kidogo kimefungwa vizuri kwa karatasi. Udogo wake ulinishangaza, lakini nilikuwa na haraka, nikaenda nacho vilevile. Mzazi akakifungua mbele ya mama yake na mashangazi zake. Vitambaa viwili vyeupe vya mkononi, vimedariziwa maua pembeni. Akashukuru kwa adabu. Mama yake akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kwetu ni wapi.

Yule binti hakukosea hata kidogo. Niliagiza leso, akaniletea leso. Wala mimi sikukosea. Nilisema kama mama yangu na nyanya yangu walivyosema maisha yao yote. Usiku ule sikupata usingizi mapema. Ilikuwaje neno moja, katika lugha moja, kwenye pwani moja, likawa kitambaa cha pua kwa huyu na vazi la heshima kwa yule? Nimelifuata swali hilo miaka mingi, na leo nataka mnifuate na nyinyi.

Neno lenyewe si la Kibantu wala la Kiarabu. Tulilipata kwa Wareno. Wao husema lenço, sauti ya katikati ikipitia puani, na maana yake ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Wazee wetu waliiacha ile sauti ya puani, tukabaki na leso. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Ngome ya Yesu, hiyo hapo tunayopita kila siku, ilianza kujengwa 1593, na Waomani wakaiteka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Ni miaka mia mbili ya vita, ushuru na biashara, na ujirani ambao wengi hawakuupenda. Wareno walipoondolewa waliacha maneno machache katika lugha yetu, na mengi kati yake ni ya vitu vya kushikika nyumbani. Meza ni mesa yao. Kasha ni caixa. Bendera ni bandeira. Foronya unayovisha mto wako ni fronha. Hata gereza lina asili hiyo: igreja kwao ni kanisa. Neno la nyumba ya ibada likahamia kwenye ngome, kutoka ngomeni likahamia kwenye jela. Nikikumbuka hivyo, sishangai tena kwamba kitambaa cha mkononi kiliweza kuhamia kiunoni.

Tulifuate nyuma zaidi kidogo, kwa sababu kuna jambo huko ninalolipenda sana. Lenço ya Wareno imetoka kwenye Kilatini: linteum, kitambaa cha kitani, nalo limetokana na linum, ule mmea wa kitani wenyewe. Warumi walikuwa pia na linteolum, yaani kitambaa kidogo. Sasa tazameni kilichotokea. Lile neno la kitambaa kidogo likazaa lençol, na lençol kwa Wareno ni shuka la kitandani. Lile la kitambaa chenyewe likazaa lenço, kitambaa cha mfukoni. Kidogo kikawa kikubwa, kikubwa kikawa kidogo. Katika ukoo huu majina hayakai na vipimo vyake. Kwa hiyo leso yetu ilipokua kutoka kiganja hadi kufunika mwili, haikufanya ajabu ambayo jamaa zake hawakuwahi kuifanya.

Na Msumbiji, mtaniuliza, ambako Wareno walikaa hadi 1975? Huko mwanamke hujifunga capulana, na lenço ni kilemba chake cha kichwani. Vazi lina jina lake, kitambaa kina chake. Mimi nafikiri sababu ni nyepesi: palipokuwa na wenye lugha wakilitumia neno lao kila siku, hapakuwa na nafasi ya kulinyoosha. Kwetu walikuwa wameshaondoka. Neno lilibaki mikononi mwa wanawake wa Kiswahili, na mikono hiyo ilikuwa na sindano.

Hapo sasa ndipo moyo wangu ulipo, niruhusuni nikae.

Katikati ya karne ya 19 nguo kubwa ya biashara kwenye pwani hii ilikuwa merikani. Jina linasema lilikotoka: ni pamba nzito ya Marekani, haijatiwa rangi wala kufanywa nyeupe, iliyoletwa na wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts. Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alitiliana na Marekani mkataba wa biashara mwaka 1833. Ikitiwa rangi ya nili hadi ikawa buluu nzito inayokaribia weusi, inaitwa kaniki. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watu wa kazi, na zilikuwa nguo za watumwa. Hazikuwa na ua wala pindo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza pamba ile, na nguo za Uingereza na za India zikapata nafasi zaidi madukani.

Pamoja na nguo hizo palikuwa na vitambaa vya leso: miraba iliyochapwa Ulaya, yenye rangi, yenye mapambo, kila kimoja na mpaka wake pembeni. Jambo muhimu ni hili, wanangu, nyinyi mnaojua gora la nguo. Vitambaa hivyo havikuja kimojakimoja. Vilikuja vimeungana katika gora refu, na mwenye duka alikuwa akikata idadi mteja anayotaka. Unataka kimoja, anakata kimoja. Wanawake wa pwani walilitazama gora lile wakaona kitu ambacho aliyelichapa hakukiona. Wakamwambia mwenye duka asikate kimojakimoja. Akate vipande vya sita.

Ukifika nyumbani na ukanda wa vitambaa sita, unaukata katikati upate kanda mbili za vitatu. Unazilaza moja juu ya nyingine, unaziunga kwa mshono mmoja mrefu. Umepata nguo ya vitambaa vitatu kwa viwili. Hiyo ndiyo leso ya kushona, na ndivyo ilivyoitwa: leso za kushona. Tuiangalie kwa hesabu ya darasani kwenu. Chukueni kitambaa chenye upande wa sentimita 50. Vitatu ni sentimita 150, safu mbili ni sentimita 100. Sasa pimeni leso yoyote mliyoifunga leo. Mtapata upana wa kama sentimita 150 na urefu wa kama 110. Mwanamke akitaka nguo ya kumzunguka mara moja na nusu na kumfunika kuanzia kifuani hadi chini ya magoti, vipimo vinakuja vyenyewe. Wale mama walivipata kwa mwili, bila futi.

Wako waliounga leso zao kwa namna nyingine, wakanunua vitambaa vya rangi mbalimbali wakavipanga wapendavyo, hata isionekane leso mbili za kufanana mtaa mzima. Hebu fikirini ufundi huo. Mpaka wa kitambaa hiki lazima ukutane na mpaka wa jirani yake, la sivyo jicho litaona mara moja. Na leso si gauni la kuficha mshono ndani. Inafungwa, inafunguliwa, upepo wa bahari unaipeperusha, upande wa ndani unaonekana. Kwa hiyo mshono wake unataka kulazwa na kupindwa pande zote mbili, uwe safi huku na huku. Mwalimu wenu amenionyesha mishono yenu ya kulaza mlipokuwa mkiingia. Iko mizuri. Iko mingine ya kurudia.

Watu wa Mombasa husema jambo hilo lilianzia kwetu, wa Unguja husema lilianzia kwao. Nimesikiliza pande zote mbili na siwezi kugombana na yeyote. Majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kila msimu, na mtindo mzuri hausubiri hati ya kusafiria. Ninachokikataa ni ile kauli niliyoisoma mara nyingi, kwamba leso "ililetwa" kwetu. Pamba ililetwa. Rangi zililetwa. Neno lililetwa. Leso yenyewe ilishonwa hapa. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilivyokuja kuichapa nzima nzima, bila mshono, viliiga kilichokwisha kufanywa na wanawake sakafuni mwa nyumba zao. Kila ukiona leso iliyochapwa kwa kipande kimoja, jua kwamba mashine ilikuwa ikiiga mkono.

Na wanawake wale hawakuwa wote waungwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria huko 1897. Mwanamke aliyekuwa akivaa merikani au kaniki kwa amri ya bwana wake, siku alipoanza kujichagulia nguo, alichagua rangi. Waliokuwa watumwa wa Unguja waliziacha nguo za kazi wakavaa kanga zenye maua na mapambo, na kila aliyewaona njiani alielewa wanachosema kabla hawajafungua mdomo. Mimi nikisikia mtu anaiita leso nguo ya jikoni, naumia. Kwa mwanamke yule ilikuwa ushahidi kwamba mwili ni wake.

Jina la kanga nalo lilitoka wapi? Wengi husimulia kwamba miongoni mwa zile za mwanzo zilizopendwa zilikuwa na madoadoa meupe juu ya rangi nzito, kama manyoya ya kanga, yule ndege wa porini. Anayemjua ndege huyo na aliyeona leso za madoa hahitaji kuelezwa zaidi. Basi nguo ikawa na majina mawili, na hapo ndipo njia zilipogawanyika. Upande wa Tanzania jina la ndege lilishika vazi, na leso ikabaki na kazi yake ya awali, kitambaa cha mfukoni. Mombasa na Lamu tuliendelea kuliita vazi kwa jina la vile vitambaa sita vilivyoliunda, na kwa kitambaa cha jasho tukasema tu kitambaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiniuliza nani anasema sawa, jibu langu ni hili: Dar es Salaam imehifadhi maana ya neno, Mombasa imehifadhi kazi ya mikono. Mzungumzaji wa kule amelibakiza neno karibu na lilivyotoka kinywani mwa Mreno. Mzungumzaji wa huku, kila anaposema "nipe leso yangu," anakumbuka mshono bila kujua kwamba anaukumbuka. Kamusi zetu kubwa zimezipokea maana zote mbili. Lakini nimewahi kushika mtihani wa mtoto wa pwani aliyeandika, "Mama alijifunga leso akatoka," na msahihishaji akapiga mstari mwekundu chini ya leso, akaandika pembeni "kanga", akakata alama. Sitasema ni wapi. Nasema tu kwamba alama ile ilikatwa kwa dhuluma, na walimu mlio hapa, nawaomba kwa dhati msiirudie, wala msimkatie mtoto wa Morogoro aliyeandika kwamba alifuta machozi kwa leso. Wote wawili wanaandika Kiswahili.

Nilipofundisha somo hili Dar es Salaam, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini basi hata kule hununua "doti ya kanga" na si "kanga mbili". Swali zuri. Doti ni nguo ya pande mbili zilizochapwa pamoja, na jamaa yake ni dhoti, lile vazi la kujifunga la wanaume wa India. Mnaona jinsi duka moja linavyokusanya dunia: jina la ndege wa porini, kipimo cha Kihindi, na mwenzake wa Mombasa anayetumia neno la Mreno, wote wanazungumzia nguo ileile. Leo nyingi huchapwa India kwenyewe. Zimewahi kuchapwa Japani. Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilitoa kanga nyingi ambazo mama zetu bado wanazo masandukuni.

Maandishi nitayapitia kwa haraka, kwa sababu kila mtu akizungumzia leso huanza na maandishi akasahau nguo. Nguo ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina. Sisi tunaita jina, si msemo wala ujumbe, na huo pia ni ushahidi kwamba kila leso ilihesabiwa kuwa na nafsi yake. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja herufi za Kirumi. Mtaa wa Biashara, hapa hapa mjini, mnajua alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Ni ya Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa 1887. Nyanya yangu hakuwa anasoma herufi za Kirumi, lakini alitambua alama ile kwa umbo lake, na alikuwa akimwomba mwenye duka amsomee jina kabla hajalipa. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu," angesomewa, naye angetikisa kichwa: hiyo ya kuendea msibani. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Hiyo aliinunua. Alikuwa na sababu zake, na jirani mmoja alizijua.

Mengine mnayajua kuliko mimi. Leso ni mbeleko ya mtoto, ni ngata ya kichwani chini ya ndoo, ni ya kujitanda anapopita mkwe, ni ya kumfunika mgonjwa. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeupe na nyeusi, inangoja harusi. Mzazi hupewa ya kujifunga tumbo, na ndiyo maana katika mahari kuna mkaja wa mama wa bibi harusi, kumlipa ile nguo aliyojifunga siku alipomzaa. Niliporudi Mombasa likizo ile ya kwanza nilimsimulia mama yangu kisa cha vitambaa viwili vyeupe. Hakucheka. Alifungua sanduku, akatoa doti ambayo haijakatwa, akaniambia, "Mpelekee. Na mwambie kwetu hii ndiyo leso." Nilimpelekea. Jirani yangu akaipokea kwa mikono miwili, akaikata katikati mbele yangu, akapinda ncha kwa sindano huku tunazungumza, na mtoto akalazwa juu yake kabla uzi haujafungwa fundo. Alisema, "Basi hii kwetu ni kanga, lakini hii ya mwanangu tutaiita leso." Mpaka leo nyumba ile wanaiita hivyo.

Sasa nimesema vya kutosha, na mashine zenu ziko pale zinatungoja. Katika mfuko huu nimeleta ukanda wa vitambaa sita vilivyoungana, nimevitafuta muda mrefu hadi nikapata vinavyofaa, kila kimoja na mpaka wake. Sijaukata. Nataka watatu kati yenu mje mbele: mmoja ashike mkasi, mmoja alinganishe mipaka na kubana kwa pini, mmoja akae kwenye cherehani. Mshono wa kulaza, huku na huku, kama tulivyosema. Wengine sogeeni karibu muone mahali mipaka inapokutana. Haya, nani anakata?